Tulipocheza Chesi na Dunia, Deo Akiwa Juu ya Bati

Ninyi mliokulia Sumbawanga wakati soko huria limekwisha kutufikia lakini lami bado iko njiani, mtanisahihisha nikikosea. Miaka hiyo mitumba ilijaa sokoni hadi ungekutana na bibi anatoka misa ya kwanza amevaa koti la timu asiyoijua, ya nchi asiyoijua, lenye namba kubwa mgongoni. Redio zilikuwa nyingi kuliko betri. Kila mwenye kibanda alikiita Entaprizesi, hata kama anauza vitumbua na viberiti tu. Na asubuhi za Juni, upepo wa Ufipa ulipokuwa unang'ata masikio, tulikwenda shule na hindi la kuchoma mfukoni, si kwa ajili ya njaa peke yake, bali kupasha vidole moto ili viweze kushika kalamu. Watoto wa leo wakiona wingu wanavalishwa soksi mbili kila mguu.

Nyumbani kwetu Kasense tulikuwa watano. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa chaki, filimbi na saa ya mkononi aliyoitazama hata akiwa anakula. Mama alilima mahindi na ulezi. Bibi, mama yake Baba, alikuwa mlinzi wa moto na wa maadili. Halafu kaka yangu Deo, na mimi, Skola, tukiwa sekondari, tumepishana darasa moja.

Aliyetuletea balaa ni Baba Mdogo Kamili, mdogo wake Baba. Huyu aliuza mitumba, akaacha; akauza betri, akaacha; kisha akaenda Mbeya majuma machache akarudi anatembea kwa namna nyingine, akafungua duka la intaneti karibu na soko. Kompyuta zilikuwa tatu. Moja ilifanya kazi, moja ilifanya kazi ikipigwa kofi, na ya tatu ilikuwa ya kuvutia wateja. Juu ya bati aliweka dishi kubwa lililofanana na ungo wa kupepetea ulezi wa kijiji kizima.

Siku moja hakuna mteja, akatuita. "Njooni niwaonyeshe mchezo wa watu wenye akili," akasema. Ndiyo ilikuwa chesi. Sisi tuliijua drafti ya visoda, ile ya kupiga kelele na kuruka. Hapa tulikuta mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari wadogo mbele. Baba Mdogo alijua jinsi kila kete inavyotembea, basi. Jinsi ya kushinda hakuijua, na hakuona kama ni jambo la lazima.

Tulirudi nyumbani tukachora ubao kwenye boksi la sabuni, tukafinyanga kete kwa udongo wa bondeni na kuzikausha jikoni. Tatizo likawa farasi. Hakuna aliyewahi kumwona farasi ana kwa ana, kwa hiyo Deo alifinyanga anachokijua, akampa na nundu. Tangu hapo kete hiyo ikaitwa ng'ombe, na kwa kweli inatembea vilevile kama ng'ombe aliyeona mbwa: hatua mbili mbele, kisha anakata kona ghafla.

Bibi alitutazama kutoka kwenye kigoda chake. "Huyu ni nani?"

"Mfalme, Bibi. Anasogea kidogo kidogo tu."

"Na huyu anayekimbia huku na huku?"

"Malkia."

"Mfalme amekaa, mke ndiye anahangaika. Haya, nimeelewa, ni nyumba ya hapa hapa."

Lakini siku aliyosikia Deo anasema "ng'ombe wangu amekula askofu wako," alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akamuuliza mjukuu wake ameungama lini mara ya mwisho.

Tulipozoea, Baba Mdogo alitufungulia chesi ya mtandaoni, na hapo tukakutana na saa. Kila mchezaji alikuwa na dakika tano tu, zikiisha umeshindwa, hata kama mali yote iko kwako. Ndugu zangu, tulifungwa! Tulifungwa na bendera zenye nyota, zenye mwezi, zenye mistari ya kulala na ya kusimama. Wakati sisi bado tunabishana ng'ombe apite wapi, dakika zimekwisha na mtu wa ng'ambo amekwisha kwenda kunywa chai. Deo alisema wale watu hawafikiri, wanapapasa tu. Mimi nikasema basi na sisi tujifunze kupapasa.

Mwalimu wetu wa kupapasa akawa ugali. Mama akiteleka maji tunapanga kete. Unga ukiingia tunaanza. Akiipua sufuria, mchezo umekwisha, na aliyeshindwa anaosha sufuria. Mliowahi kuosha sufuria ya ugali wa ulezi wenye ukoko mnajua hiyo si adhabu ya kuchezea. Mikono yetu ikawa myepesi. Mama naye, akiona mmoja wetu ana kiburi siku hiyo, alikuwa anasonga haraka haraka kama anakimbizwa.

Mambo yangeendelea vizuri kama si kipindi cha dini. Katekista wetu, mzee mwenye subira ndefu, aliuliza darasa: "Ni nani wanaomsaidia askofu katika kazi yake?" Deo alikuwa anasinzia, ubao wote uko kichwani mwake. Akanyoosha mkono, akasimama, akajibu kwa sauti safi: "Askari wawili na ng'ombe."

Jioni katekista alikuwa nyumbani kwetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa huzuni. Alipoondoka, Baba alituita sebuleni akatazama saa yake kwanza, kama kawaida.

"Huo mchezo unawaondoa akili au unawaongezea?"

"Unaongeza, Baba," nikasema.

"Vizuri. Jumapili baada ya misa nitakuja kwa Kamili nione mwenyewe. Mkimfunga hata mtu mmoja wa huko nje, likizo hii mtabaki mjini mcheze. Mkishindwa, lori la Jumatatu linashuka Mtowisa. Shangazi yenu anatafuta watu wa kuamia ndege wasile mpunga."

Msicheke. Sisi tulikuwa watoto wa baridi. Mtowisa iko kule chini bonde la Ziwa Rukwa, joto lake linakuvua sweta kabla lori halijamaliza kuteremka, na barabara yake enzi hizo ilikuwa inapanga upya viungo vya mwili. Deo hakumaliza chakula usiku huo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aote meno.

Jumapili ilipofika, upepo nao ukaja. Ule wa Juni, unaotoka huko unakotoka na kupeperusha hata kuku. Tulipofika dukani dishi lilikuwa linacheza ngoma juu ya bati, na mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye aibu. Baba Mdogo Kamili alikuwa amefuta kioo cha kompyuta, amepanga viti vya familia, lakini uso wake umepauka.

"Lazima mtu apande alishike," akasema.

Akapanda Deo, amevaa makoti mawili, akalikumbatia dishi kama anamzuia mlevi asipigane. Baba Mdogo akasimama mlangoni kupiga kelele.

"Vuta Mpanda kidogo! Kidogo, nimesema! Rudisha Mbeya! Hapo hapo, usipumue!"

Nikaketi. Baba nyuma yangu, Mama kulia, Bibi kushoto na rozari yake. Akatokea mpinzani, na bendera yake ina rangi tatu.

"Mfaransa," akasema Baba.

"Mholanzi, kaka. Ya Mfaransa inasimama, hii imelala," akasema Baba Mdogo.

"Mimi ndiye ninayefundisha jiografia, Kamili."

Wakati wanabishana, saa yangu inakimbia. Mama akapiga meza: "Mwacheni mtoto acheze! Nchi yake mtamwuliza baadaye!"

Nilicheza kama nilivyofundishwa jikoni, bila kupumua. Lakini yule mtu alikuwa hodari. Akala ngome yangu. Akala ng'ombe wote wawili. Aliposogelea askofu wangu Bibi alifumba macho, na alipomla, Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Ataona." Malkia wangu akafuata. Nikabaki na mfalme na askari mmoja, peke yetu kwenye ubao kama watu waliokosa lori. Yeye askari wake alifika mwisho akageuka malkia wa pili, kisha badala ya kunimaliza akaanza kumtafutia malkia huyo wa pili mahali pa kupendeza.

"Basi," akasema Baba, anainuka. "Mtafunga mizigo."

"Bado, Baba!" Nilikuwa nimeona saa. Yule mtu alikuwa anafikiri. Alikuwa na mali nyingi mno, hajui aanze na ipi. Mimi nilikuwa na mfalme mmoja wa kusogeza, sina la kufikiri. Yeye akisogea, mimi nimekwisha kusogea. Yeye akitisha, mimi nimekwisha kukimbia. Juu ya bati tulimsikia Deo anaimba wimbo wa kanisa ili asigande. Bibi akaanza Salamu Maria, na kadiri saa ilivyopungua ndivyo alivyoongeza kasi, hadi mwisho yalikuwa hayasikiki maneno, ni mvumo tu.

Kisha kioo kikasimama. Yakatokea maandishi ya Kiingereza.

"Mtandao umekatika?" akauliza Mama.

Baba Mdogo akainama, akasoma, akasoma tena. "Ameshinda," akasema. "Skola ameshinda!"

Baba alikasirika kwanza, kama mwalimu aliyeona mtoto wa mwisho darasani amepata mia. "Ameshinda vipi? Yule ana malkia wawili! Huyu ana nini?"

"Muda wake umeisha, Baba," nikasema. "Alikuwa anajua, lakini hakumaliza."

Nilimwona Baba anaelewa polepole, uso wote unafunguka. Akaelekeza kidole kwenye kioo, kwa yule mtu wa ng'ambo ambaye hatukuwahi kujua ni wa wapi, akanguruma ile sauti iliyotetemesha madarasa ya Kasense miaka yote: "Kalamu chini!"

Tulipiga vigelegele hadi wauza maharage wakaja kuuliza nani anaolewa. Bibi alidai ushindi ni wake. Ilichukua muda mtu kukumbuka kwamba Deo bado yuko juu, kakumbatia dishi, anauliza, "Vipi huko? Tumefungwa? Nishuke?" Aliposhuka midomo ilikuwa ya bluu na hakuweza kufungua mikono, alinywa uji akiwa bado amekumbatia hewa.

Mngedhani likizo yetu ilinawiri. Jumatatu hiyo tulipofika dukani tulimkuta Baba kwenye kiti. Jumanne pia. Alicheza kama anavyosahihisha mitihani: anashika kidevu, anatazama kete moja moja, anatikisa kichwa, anaisikitikia. Muda ukamwisha kila mchezo. Kila mara aligeuka akatufafanulia kwamba amefungwa kwa saa, si kwa akili, na kwamba yule mtu alikuwa na bahati. Sisi zamu hatukuipata, na Deo alirudishwa juu ya bati. Hazikupita siku nyingi Deo alikwenda mwenyewe kwa Mama akaomba twende Mtowisa, angalau kule kuna joto. Mama alicheka hadi akakaa chini kwenye magunzi.

Tukashuka na lori. Tukaamia ndege tukiwa juu ya dungu la miti, ubao wa boksi katikati yetu, jasho linatiririka, tunacheza kwa kasi ile ile ya jikoni. Shangazi alisema baadaye kwamba ndege wa mwaka ule walinenepa kupita miaka yote.

Siku hizi mwanangu Brayani, jina alilochaguliwa na baba yake, anacheza chesi kwenye simu, kitandani, shuka mpaka puani. Dakika moja moja. Mtandao haukatiki, bendera zinapita kama abiria stendi. Juzi nilimwuliza amemfunga nani. "Sijui," akasema. Wa wapi? "Sijui, Mama, mbona maswali?" Akashindwa, akabonyeza, akaletewa mwingine. Hakucheka, hakulia, hakuna hata jirani aliyekuja kuuliza kuna nini. Ana vitabu vya chesi, ana video za chesi, na kwa haki ya Mungu ananifunga kabla sijavaa miwani. Lakini nikimtazama naona kama anakula peke yake.

Desemba iliyopita nilimpeleka Kasense. Bibi alishatutoka, Mungu amrehemu, na Baba sasa ni mzee, magoti yanamsumbua. Alipanga kete mezani, akamwita mjukuu wake. Brayani alicheza ya kwanza kabla hajakalia kiti vizuri. Baba akashika kidevu. Akafikiri. Akafikiri mpaka chai ikapoa.

"Babu, cheza basi," akasema mtoto.

"Nimekaa na wewe. Una haraka ya kwenda wapi?"

Brayani aliangalia huku na huku akitafuta saa ya kumsaidia, hakuna. Akainua miguu kitini, akaegemea mkono. Mara Baba akasinzia, kidole kiko juu ya ngome. Nilitegemea mtoto atachomoa simu. Hakuchomoa. Alikaa anamtazama babu yake anavyopumua, kisha akaninong'oneza, "Mama, hapa muda wake hauishi?"

Nikamwambia hauishi, mwanangu. Nikatamani iwe kweli.