Nyumba ya Faragha Nyuma ya Shela

Juzi nilikuwa dukani hapa Amu, yaani Lamu, nikipimiwa sukari, akaingia bwana mmoja, karani wa Mombasa aliyekuja fungate na mkewe. Alimwendea moja kwa moja Bi mwenye duka, aliyewakodisha nyumba yake ya makuti juu ya kilima cha mchanga, nyuma ya Shela.

"Bi, uliniambia nyumba yako ni ya faragha," alisema, mikono kiunoni. "Uliniambia hata ndia ya watu haipiti pale, na mji u karibu."

"Kwani si karibu?"

"Karibu mno! Asubuhi waja kina mama na mikate ya mofa, jioni waja na vigoma. Sijapata kuzungumza na mke wangu. Leo twahama!"

Kabla Bi hajajibu, mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoa mikono nje ya buibui. Ilikuwa imejaa hina mbichi.

"Mimi ndiye niliyewaita," alisema. "Kwetu tumezaliwa wengi. Siku ya kwanza ulipolala mchana nilisikia upepo tu, nikalia. Nikashuka kisimani kutafuta wa kuzungumza naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiusifu ukimya."

Bwana aliitazama ile hina, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Basi twakaa, Bi. Ila waambie magharibi ikiingia waniachie mke wangu."

Wasomaji wangu, mkitaka kukodi nyumba ya ukimya ya watu wawili, muulizeni kwanza yule wa pili.