Siku Tulipoupigia Kura Usingizi wa Zulaikha

Mwanangu, iko Ijumaa moja ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Hata sasa ninapokuandikia haya nimeshainuka mara mbili, mara kufunga dirisha, mara kuonja chai ambayo haijachemka. Nivumilie. Tangu nisikie umejiandikisha kusoma sayansi ya siasa katika chuo kile kile cha jamii nilichosoma mimi hapa Doha, nimekuwa na neno moyoni na halinipi raha.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mchana nilikaa mapokezi katika kliniki ya meno, jioni nikapanda basi kwenda chuoni. Nilikuwa msichana asiyetulia. Nilitaka nimalize masomo, nirudi Kakamega, nigombee udiwani, niwe mbunge, na yote hayo yawe yamekwisha kabla ya Krismasi. Nililofundishwa darasani Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, kufikia Jumatatu nilikuwa natafuta mtu wa kumjaribia.

Na watu wa kujaribia nilikuwa nao. Tuliishi wanawake sita katika nyumba ya vyumba viwili huko Al Mansoura, kila mtu na kitanda chake na pazia lake. Watano tulikuwa Wakenya wa kanisa moja. Wa sita alikuwa Zulaikha, Mganda, Mwislamu, mlinzi wa zamu ya usiku katika hoteli. Alilala kitanda cha chini, mimi cha juu. Nilipougua homa mwezi wangu wa kwanza, yeye ndiye aliyenipikia uji kila asubuhi kabla hajalala, akaninywesha kwa kijiko. Wema huo mimi niliusahau upesi mno.

Basi kwaya yetu ikapewa nafasi ya kuongoza ibada ya Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na hata sisi Wakristo ndiyo siku tunayosali. Tukaanza mazoezi sebuleni, kila Ijumaa saa moja asubuhi, kabla ya basi la kanisani kufika. Saa moja ndiyo saa Zulaikha alipokuwa akivua viatu vya kazi. Alivumilia wiki mbili. Ya tatu akaniomba mimi, niliyekuwa karibu naye kuliko wengine.

"Nnyabo," akaniita kwa heshima ya kwao, "hamuwezi kuimbia kwingine? Mimi sipati usingizi kabisa."

Mtu mwingine angejibu, ngoja nizungumze nao. Lakini wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa uamuzi wa walio wengi, na mimi mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaita mkutano Alhamisi jioni kabla Zulaikha hajaenda kazini, nikasimama katikati ya sebule na daftari langu.

"Mheshimiwa ameanza," akasema Brenda, ambaye hakuniacha siku hata moja bila kunitania. "Haya, tupige kura tumalize. Niko na chapo jikoni."

Nikatoa hoja kwamba mazoezi yabaki pale pale sebuleni. Nikasema wengi wape, usipowapa watapokonya, kana kwamba Zulaikha alikuwa ameshikilia kitu chetu. Mikono mitano ikainuka. Nikaandika tano kwa moja, nikapiga mstari chini yake, na sitakuficha, nilifurahi sana. Zulaikha akasema, "Sawa," akafunga mkanda wa sare yake, akaondoka.

Hakulalamika tena. Ijumaa zilizofuata hatukumwona nyumbani asubuhi, nami nikajiambia amepata mahali pazuri pa kupumzikia. Sikuuliza ni wapi. Badala yake niliandika insha juu ya kura ile. Mwalimu akanipa alama ya juu kuliko darasa zima na kuandika pembeni kwamba huo ni mfano hai wa demokrasia. Nikaibandika kwenye mlango wa friji ili kila mtu aisome.

Sasa hiyo Ijumaa niliyokutajia. Tulikuwa tumeshashuka kungoja basi nilipogundua nimesahau kitabu cha nyimbo. Lifti ilikuwa mbovu. Nikapanda ngazi mbio, na kwa papara zangu nikaipita ghorofa yetu bila kujua, nikajikuta kwenye ngazi za mwisho zinazotokea paani. Hapo palikuwa na Zulaikha. Amelala juu ya katoni iliyokunjuliwa, na sare yake, kichwa juu ya viatu vyake vya kazi, shingo yote jasho. Kando yake ameketi Bi Rehema, mpishi mtu mzima kutoka Mombasa, jirani yetu wa mlango wa mkabala, akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Usimwamshe," akaninong'oneza. "Wiki ya nne hii alala hapa. Kwangu hataki, asema tumebanana. Na juzi msimamizi wake kamkuta asinzia kazini. Akimkuta tena, safari ya kwao."

Nikaanza kujitetea. Nikasema tulipiga kura, Bi Rehema, na kila mtu alipewa nafasi yake.

"Wasoma nini vile huko chuoni?"

"Siasa."

"Ehe. Kwetu mtu akitumwa kumpa mwenziwe habari ya msiba, huambiwa, mwendee kwa siasa. Yaani kwa upole, umpime moyo kwanza, usimtie kishindo. Hiyo ndiyo siasa niliyolelewa nayo mimi. Wewe mwanangu siasa waisoma, lakini siasa huna."

Nimekaripiwa na wengi maishani, hakuna aliyenichoma kama huyo mama, na hata sauti hakuipandisha.

Na unajua nilifanya nini? Niliporudi kutoka kanisani niliita mkutano mwingine. Nilitaka tupige kura upya! Bi Rehema akanisikia kutoka mlangoni pake, akaja akanivuta hadi nje. "Wacha kuwahesabu watu," akasema. "Kawaulize."

Basi nikaenda pazia kwa pazia. Brenda akashika mdomo. "Aki, kwani saa moja ndio huwa anaingia kulala? Mimi niliinua mkono sababu wewe ulikuwa umeinua." Na wengine ni hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyetaka kumnyima usingizi. Tulikubaliana mazoezi yahamie Abu Hamour, uani kwa kanisa, na maongezi hayo hayakumaliza hata birika moja la chai.

Kesho yake asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikamngoja Zulaikha nimpe habari njema. Aliingia na mfuko mkubwa mtupu. Alikuwa amepata kitanda Al Wakrah, mbali na kazi yake, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Nikamwambia yamekwisha, hatuimbi tena hapa, baki. Akaendelea kukunja shuka.

"Nyimbo hazikunikasirisha," akasema. "Nyimbo zenu nzuri. Lakini nyinyi mlitaka mkono wangu tu. Hakuna mtu aliniuliza neno. Hata wewe, nnyabo."

Nililia nikimbebea godoro hadi barabarani. Kazi hakuipoteza, Mungu ashukuriwe, ila mimi nilimpoteza. Tulitumiana salamu sikukuu mbili tatu, kisha kimya. Ile insha niliichana, ingawa alama zake ziliniingiza mwaka wa pili.

Kwa hiyo soma, mwanangu, usome kwa bidii. Usije ukasema nilikufundisha kudharau kura. Kuna waliokufa wakiitafuta. Lakini kabla hujawaambia watu wainue mikono, keti nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi muulize anayekilalia. Mwulize analala saa ngapi, na anapoondoka asubuhi huwa anakwenda wapi. Na yule aliyeshindwa akikwambia "sawa," usipige mstari ukafunga daftari. Mfuate mpaka mlangoni umuulize ni sawa ya namna gani. Hatua za kutoka sebuleni hadi mlangoni petu zilikuwa sita, na mimi niliyekuwa nakimbia Doha nzima sikuzipiga.

Mungu akufungulie kila mlango unaougonga katika chuo hicho. Akupe alama zisizomliza mtu. Na ikitokea umemkosea mwenzako, kama sisi sote tunavyokosea, akuwahishe kwake kabla hajakunja shuka.