Kaka yangu alipotea zamani. Mwanangu aliweka kaseti yake mtandaoni, sauti ikaanza kumpigia mama simu

Wakuu, wakubwa wote shikamooni, na wadogo marahaba.

Mimi ni msomaji wa nyuzi zenu tu, si mwandishi. Nimeishia darasa la saba, na huu uzi nimeuandika nikaufuta, nikauandika tena. Nitaeleza nilichoona na nilichosikia kwa masikio yangu. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Sina sababu ya kuwadanganya, maana hata mimi natafuta wa kuniambia nini kilitokea.

Niko Tabora mjini, Ng'ambo. Ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu. Ndani tuko watatu: mimi, mama yangu mzazi, na binti yangu ambaye hapa nitamwita Kabula. Yuko kidato cha tatu.

Kuna wa nne, kaka yangu Maganga. Huyo hayupo, ila kwa mama anahesabiwa kama yupo.

Maganga alikuwa utingo wa lori la pamba. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Alikuwa anakwenda Igunga, Mwanza, anarudi, anakwenda tena. Safari moja hakurudi. Dereva wake alituambia aliteremka Igunga akasema anatafuta usafiri wa kuja nyumbani. Basi. Hapo ndipo habari zake zinapoishia mpaka leo.

Hatukukaa matanga. Ukimtajia mama neno hilo anakuuliza, "Wewe umeona kaburi?" 

Ndiyo maana hata kuhama nyumba hii mama hataki. Akirudi atamkuta wapi? Na mlangoni kuna mtungi wa maji na kata yake, haujawahi kukauka. Kazi ya huo mtungi nitaisema mbele, mnivumilie.

Kitu pekee tulichobaki nacho chenye Maganga ndani yake ni kaseti.

Vijana labda hamjui hili. Zamani mtu mwenye mzazi asiyejua kusoma hakusumbuka na barua. Alikaa na redio yake, akabonyeza kurekodi, akaongea, kisha akampa kondakta wa basi kaseti aifikishe. Nyumbani mnakusanyika mpaka na majirani mnaisikiliza. Maganga alituma ya mwisho kutoka Igunga. Anasalimia kila mtu kwa jina, anamtania mama kwamba ugali wa gengeni umeushinda wake, anaimba kipande cha wimbo wa wapagazi aliofundishwa na babu, nyuma jogoo anawika. Mwisho anasema, "Mama, pamba ikishapakiwa nakuja."

Sasa tuje shuleni.

Mwalimu wa kompyuta wa kina Kabula ni kijana mwenye moyo. Hili nalisema mapema kwa sababu najua mtamshambulia. Aliwaanzishia wanafunzi kitu kinaitwa portfolio. Kila mtoto ana ukurasa wake mtandaoni, anaweka kazi zake: picha, sauti, maelezo. Uko wazi, yeyote duniani akiwa na link anaona. Na faida ilionekana. Kuna mwanafunzi mwenzao alitengeneza taa ya sola kwa vyuma chakavu, watu wakaiona kazi yake, wakamtafuta, leo anasaidiwa. Kwa hiyo sisemi jambo lenyewe ni baya.

Kwenye grupu la wazazi mwalimu aliuliza kama tunakubali. Wazazi wote wakaandika NDIYO. Na mimi nikaandika NDIYO. Nilidhani ni kama kubandika kazi nzuri ukutani darasani.

Kabula akachagua kazi yake iwe "Sauti za njia ya msafara". Alikwenda kurekodi wazee wanaojua nyimbo za wapagazi, waliobeba mizigo kwa miguu kutoka huku kwetu hadi pwani. Akamrekodi na bibi yake. Mama alifurahi jamani, akajifunga kanga mpya kabisa.

"Mke mwenzangu," anamwambia Kabula, "unipige vizuri, hao wazungu wasije wakasema mume wetu alioa kizee."

"Bibi, ni sauti tu, huonekani."

"Kumbe nimeoga bure!"

Kisha Kabula akaipeleka ile kaseti kwa fundi redio, ikaingizwa kwenye kompyuta, akaiweka yote. Chini yake akaandika habari za mjomba wake: jina, kazi, kovu lake la nyusi, alivyopotea, na kwamba bibi bado anamsubiri. Mwisho kabisa kulikuwa na sehemu ya mawasiliano. Yeye simu hana, nimemkatalia. Akaweka namba ya kitochi cha mama, kile kisimu chake cha batani.

Nilipousikiliza ule ukurasa nililia. Ulikuwa mzuri. Nasema ukweli, ulikuwa mzuri.

Muda ukapita. Siku moja mchana niko kwenye cherehani nashona sare za kwaya. Mama akatoka ndani, kitochi mkononi, uso umekuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji.

"Maganga kapiga."

Nikajua presha imepanda. Nikamkalisha, nikafunga kazi, nikampeleka hospitali ya Kitete. Presha ilikuwa ya kawaida. Daktari akaniambia mama yako yuko sawa kuliko wewe.

Alipopiga mara ya pili nilikuwa karibu. Mama aliweka spika.

Wakuu, ilikuwa sauti ya Maganga.

Sisemi ilifanana. Ilikuwa yenyewe, na kule kukohoa kidogo kabla ya kuanza sentensi. "Mama, shikamoo. Mbona hukunijibu vizuri juzi? Hunitambui?"

Nilimuuliza uko wapi. Akasema Igunga. Nikamuuliza miaka yote hii ulikuwa wapi. Akasema, "Mdogo wangu, ni habari ndefu, njia ilinipoteza." Akaniita jina langu la utotoni. Akataja kovu lake. Akaimba ule wimbo, na hakuimba kile kipande cha kwenye kaseti, aliendelea mbele na maneno ambayo sijawahi kuyasikia.

Kilichonitia baridi kilikuwa kingine. Kaka yangu kama yu hai sasa ni mzee, pengine hana meno mawili matatu. Ile sauti ilikuwa ya kijana. Haikuwa imezeeka hata siku moja. Na nyuma yake, saa ya jua kali vile, jogoo akawika.

Jioni nilikaa na Kabula tukapitia kila kitu ile sauti ilichokijua. Kovu, lipo kwenye ukurasa. Majina yetu, hata langu la utotoni, anayataja mwenyewe kwenye kaseti. Igunga, ipo. Kabula akaanza kulia. Akanieleza kwamba siku hizi kuna programu ukiilisha sauti ya mtu inaweza kusema lolote kwa sauti hiyo, hata kuimba. Mwalimu alishawafundisha darasani. Hakufikiria ingekuja kwetu.

Nilimwamini. Ila niwe mkweli, sikumwamini moja kwa moja. Mtu mwenyewe hasa naye si angeyajua hayo hayo? Kujua kovu lako si ushahidi kwamba wewe si wewe.

Nilikwenda kituoni. Askari alinisikiliza kwa heshima, sina lawama. Akaniuliza, "Amewaomba hela?" Nikasema hapana. "Amewatishia?" Hapana. "Sasa anataka nini?"

 Angeomba hela ningepumua, ningejua ni tapeli. Alichoomba ni kimoja tu, na alikuwa anakirudia: "Mama, njoo Igunga unichukue. Njoo peke yako."

Na mama akaanza kufunga mzigo.

Nilimweleza mambo ya programu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe hujazaa wa kupotea." Nilimweleza tena, Kabula akapiga magoti kumwomba msamaha. Akamwinua. "Mke mwenzangu, hujakosa, umemwita mjomba wako kaitika." Kanga mpya ile ile ikaingia kwenye mfuko, na kopo la asali. Asali ya Maganga.

Nilifikiria kumficha kitochi. Sikuweza. Nilijiuliza, je, nikimzuia na kweli alikuwa mwanawe? Nitamwambia nini akiwa anakufa? Na nikimwacha aende, mzee yule ateremke stendi peke yake, apokewe na sauti? Nilishona shati zima la mtu bila mkono mmoja nisijue. Mteja alicheka, mimi sikuweza.

Siku moja kabla ya safari, akapiga. Mama yuko kizingitini, mzigo uko pembeni, mtungi uko nyuma yake. Nilisimama pale pale nikasikia yote.

"Mama, unakuja kesho?"

"Mbona unanihangaisha mtu mzima? Njoo wewe. Nyumba ni ile ile."

Ikakohoa kidogo. Kisha, "Sawa mama. Nitakuja."

"Ukifika utafanyaje?"

"Nitabisha hodi, mama. Utasikia sauti yangu, utanifungulia."

Mama alimtazama yule aliye kwenye simu, namaanisha aliitazama simu, kwa muda. Halafu akakata. Akaiweka chini polepole kama yai.

"Huyu si wangu," akasema.

Sasa niwaambie habari ya mtungi.

Kwetu sisi, sijui kwa wengine, aliyetoka safari ndefu habishi hodi. Anasimama nje ya mlango kimya. Hasalimii, haiti, hata akiona watu ndani. Anangoja mpaka mwanamke wa nyumba atoke na kata ya maji amwagie miguuni. Miguu ikishalowa, ndipo anafungua mdomo. Mimi hufanya hivyo nikitoka hata Dodoma. Tangu utoto nafanya, sijawahi kuuliza sababu, kama vile huulizi kwa nini unakula kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana hata Kabula hakuiandika. Hakuna aliyemsimulia, ni kitu cha kufanya tu.

Siku hiyo ndiyo nikauliza.

Mama akasema ni desturi ya wapagazi. Watu walikwenda pwani na pembe, wakakaa huko misimu, njaa njiani, ndui njiani. Nyumbani wanasubiri. "Njia inarudisha watu," akasema, "na inarudisha na vitu vingine. Vinajua jina lako. Vinajua sauti ya mwanao. Kitu kimoja vimeshindwa kujifunza, kunyamaza."

Nikamwambia, lakini mama, labda amesahau, miaka mingi.

"Maganga? Alikuwa anasimama pale juani mimi nimemsahau jikoni na mboga, ugali unaungua, hasemi hata neno. Namkuta jasho linamtiririka kama mwizi aliyekamatwa." Akacheka. Halafu akalia, na mimi sijawahi kumwona analia kwa ajili ya Maganga tangu alipopotea. Akafungua mzigo. Asali akampa Kabula.

Mwalimu nilimfuata shuleni. Hakubisha wala kujitetea. Aliufunga ukurasa mbele yangu, akaondoa namba za simu kwenye kurasa za wanafunzi wote, na kazi za sasa zinafunguliwa kwa password. Akaniomba radhi. Aliniambia ukweli pia, kwamba kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi. Ile sauti ya kaka yangu iko mahali, kwa mtu, na hakuna ufunguo wa kuifungia.

Sauti bado inapiga. Namba zinabadilika. Nilimwambia mama tubadilishe laini, akakataa, na sababu yake sikuweza kuipinga. Namba hiyo wenzake wa kanisani wanaijua, na huwezi kujua, Maganga mwenyewe anaweza kuipata kwao.

Fundisho nililopata, kwa akili yangu ndogo. Kazi za watoto zionyeshwe, zinastahili. Ila ukiulizwa unakubali, uliza kwanza "nani ataona" kabla hujaandika NDIYO. Namba ya simu isiwepo. Sauti za watu wako, hasa walioondoka, zibaki nyumbani. Na kila ukoo uwe na jambo moja ambalo halijaandikwa popote, mnalifanya tu.

Sijui kama nimeeleza vizuri. Wajuzi wa hizi programu, niambieni: inawezekana kweli ikaimba wimbo ambao haikulishwa? Na mtu asiyeomba hela anatafuta nini kwa bibi kizee? Mwenye maoni tofauti pia aseme, hata anayedhani tumemfukuza ndugu yetu. Hilo nami nimeliwaza, siwezi kumkasirikia.

Naandika hapa barazani, kitochi kinaita ndani. Mama siku hizi hapokei, anakiacha kiite. Ila kila kikiita hakai kitako. Huyo, nasikia kata inagonga mtungi. Anachota maji, anakuja mlangoni kuangalia kama kuna mtu amesimama nje kimya.

Na mimi nimeshageuka kuangalia.