Wasomaji Wawili wa Remera

Vita vilipoanza kaskazini nilikuwa mgeni kazini, katika maktaba ndogo ya Remera: chumba kimoja kirefu juu ya duka la vitambaa, chenye madirisha yaliyotazama kituo cha mabasi. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kule Biryogo. Alifurahi kwamba binti yake atakaa kivulini, ila kazi yenyewe hakuielewa.

"Kwa hiyo wanakulipa uwaambie watu wasome nini?" aliniuliza.

"Ndiyo, Baba."

Alitikisa kichwa, akarudi kwenye mashine yake.

Kila mwaka yalikuja masanduku kutoka Ulaya, yamejaa riwaya mpya zilizopata tuzo au zilizosifiwa sana magazetini. Mkuu wangu hakuwa na muda nazo. Nilizisoma mimi, kisha nikazitafutia wasomaji. Haikuwa rahisi. Wengi waliopanda ngazi zetu walitaka vitabu vya mitihani au gazeti la juma lililopita. Ukimpa mtu riwaya iliyowaliza wahakiki wa Paris, kesho yake anairudisha akisema imemuumiza kichwa. Nikajifunza kutomuuliza mtu anapenda nini, maana kila mtu husema anapenda vitabu vizuri. Niliuliza ni kitabu gani cha mwisho kilichomkasirisha. Hapo watu husema kweli.

Msomaji niliyemwita Mwalimu alikuja mara ya kwanza asubuhi moja ya kiangazi. Alikuwa mama wa makamo, mnyoofu, amevaa sweta iliyokuwa pana kuliko yeye. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikamatwa pamoja na wengine wengi vita vilipoanza, akakaa ndani miezi kadhaa, na alipotoka akakuta darasa lake limepewa mtu mwingine. Ndiyo sababu asubuhi zake zilikuwa tupu. Alikaa Kagarama peke yake.

Nilimwuliza swali langu.

"Vyote vya zamani vinanikasirisha," alisema. "Waandishi waliokufa nimewafundisha zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nipe mtu aliye hai. Nataka kujua walio hai wanawaza nini."

Nikampa riwaya ya mwandishi kijana, habari za mtu anayerudi kwao baada ya miaka mingi na kukuta mdogo wake anaishi kwa jina lake. Mdogo mtu ana nyumba, ana kazi, ana heshima, vyote kwa jina la kaka yake. Yule kaka anakula naye chakula cha jioni, kisha anaondoka bila kudai kitu. Mwalimu aliirudisha haraka kuliko nilivyotegemea.

"Amefanya vizuri kuondoka," alisema. "Jina ni mzigo. Mwenye kulitaka na alibebe."

Mchana wa siku hiyohiyo alikuja muuguzi mmoja wa hospitali, bwana mfupi mwenye mabega mapana, aliyekulia Goma na Kiswahili chake cha hukohuko. Alipitia kwetu baada ya zamu, viatu vyake vikinuka dawa. Nikampa kitabu kilekile, na ili kumtia hamu nikamwambia maneno ya Mwalimu bila kusema ni mama gani. Baada ya siku chache alirudi amekunja uso.

"Huyo mama iko na makosa," alisema. "Umwambie. Mtu wanamuiba jina, na yeye anasema asante kwa chakula? Huo si upole. Huo ni uoga!"

Nilimwambia. Mwalimu alicheka, kisha akanituma na jibu lake. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Yeye asubuhi, bwana yule mchana, na mimi katikati kama waya wa simu. Walisoma karibu kila riwaya mpya tuliyopata. Yeye alimchukia mwandishi aliyejionyesha. Yule bwana alisamehe kila kitu mradi watu wa kitabuni wawe na njaa, wawe na wivu, wafanane na wagonjwa wake. Nikaanza kuchagua vitabu kwa ajili ya ugomvi wao. Nilipofungua sanduku nilijiuliza: hiki watakigombania?

Nje mambo yalikuwa yakiharibika. Redio za dukani chini zilisema mambo ambayo miaka ya nyuma mtu angeona haya kuyasema hata kilabuni. Vizuizi viliongezeka barabarani. Wasomaji wengine waliacha kuja, nami sikuuliza. Mwalimu naye alianza kupanda basi mapema zaidi kurudi nyumbani. Siku moja alichelewa kidogo, nikamwona anatazama dirishani kila basi lilipoingia kituoni, kitabu kimefunguka mapajani bila kusomwa.

Walikutana mara moja tu, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu. Mvua ilimkamata Mwalimu maktabani hadi mchana. Yule bwana aliingia amelowa chapa, akaweka kitabu mezani kwangu na kusema kwa sauti, "Umwambie yule mama wako, safari hii nimeshinda."

"Umeshinda nini, bwana?" Mwalimu aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Aligeuka. Akamtazama, akanitazama mimi, kisha akavua kofia.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Nilidhani wewe ni mrefu."

Walibishana hadi saa ya kufunga, viti vimekaribiana, maneno yakipita kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na kurudi kwenye Kiswahili. Sikuwa na kazi ya kubeba ujumbe tena. Nilijifanya napanga rafu, nikasikiliza. Mvua ilipokatika yule bwana alimsindikiza Mwalimu hadi kituoni, akamngojea mpaka akapata basi la Kicukiro, la kumfikisha kwake Kagarama. Nadhani walikusudia kukutana tena. Lakini mwaka mpya ulikuja na mabomu ya mkono sokoni na watu kuuawa mitaani, na kila mmoja akawa anatoka nyumbani kwa lazima tu.

Riwaya yao ya mwisho ilikuwa ile iliyosifiwa kuliko zote za masanduku ya mwaka ule, habari za mji mdogo uliozingirwa na askari. Muuguzi aliisoma kwanza. Aliirudisha macho mekundu.

"Hii ni bora kuliko zote," alisema. "Umwambie. Na akikataa, sitabishana naye tena."

Mwalimu aliichukua. Akairudisha siku chache tu kabla ya mauaji ya Aprili ile kutuangukia. Hakuketi.

"Sikuimaliza," aliniambia. "Mwandishi huyu anawaandika maiti vizuri kuliko walio hai. Wanapendeza mno. Mwambie bwana wetu ajitayarishe."

Sikumwona muuguzi juma lile. Kisha hakukuwa na maktaba, wala mabasi, wala juma.

Yaliyotupata Biryogo sitayaeleza hapa. Nilirudi Remera katikati ya kiangazi. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Vitabu vingi vilikuwa vimechukuliwa kuwashia moto. Mwanamke mmoja kituoni alifungia karanga kwenye kurasa nilizozitambua. Kilichobaki nilikipanga kwenye rafu moja. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda Kagarama. Jirani wa Mwalimu aliniambia hakufika mbali: alikuwa na wale waliosukumwa na wauaji barabarani upande wa kiwanda cha Sonatubes, na hapohapo akauawa. Alinionyesha kwa kidole upande wa barabara. Nilikaa kwenye ukuta wa nyumba yake hadi jua likawa kali, nikaondoka.

Wasomaji wapya walianza kuja, wengi wao Wanyarwanda waliokulia uhamishoni Burundi. Mmoja, mama aliyeuza vitenge, alisema, "Dada, nipe riwaya mpya, nzuri, iliyosifiwa. Ila asife mtu ndani." Nilitafuta kwenye rafu ile moja. Nilichukua kimoja, nikakumbuka mwisho wake, nikakirudisha. Nikafanya hivyo hadi mwisho wa rafu. Nilimwambia sina. Hakukasirika.

Muuguzi alikuja mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda hata mabega yale yakaonekana ya mtu mwingine. Niliinuka nikatafuta namna ya kuanza.

"Najua," alisema. "Nilipita Kagarama."

Akaketi. Nilimpa maji, hakunywa.

"Kile kitabu," alisema. "Alikisoma?"

"Alikisoma nusu."

"Alisema nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba Mwalimu alikipenda. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona ananitazama kama alivyonitazama miaka yote ile, anangoja aambiwe amekosea wapi. Nikamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la kujitayarisha.

Alicheka. Kicheko kilikatika njiani, akafuta uso kwa mkono.

"Anakosea," alisema. "Kuna yule mama anayeuza mkaa. Yule yuko hai kabisa. Na yule askari mwenye meno mabovu? Hakufika kwa huyo askari, ndiyo maana."

Akaendelea. Alimjibu sura kwa sura, kidole kikigonga meza, na kila mara alinyamaza kidogo, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi. Mimi nilijua jinsi Mwalimu angejibu. Alipomaliza alikuwa amechoka kama aliyetoka zamu, akasimama.

"Nimeona maiti tangu Aprili," alisema akiwa mlangoni. "Hawapendezi. Hapo yuko sawa."

Alirudi mara mbili tatu. Masanduku yalipoanza kuja tena nilimwekea riwaya moja yenye tuzo, nzuri kwelikweli. Aliigeuzageuza mkononi, akasoma nyuma, akaniachia mezani. "Nitasoma na nani?" alisema. Baadaye nikasikia amehamia hospitali ya Butare.

Riwaya ile ilikaa mezani muda mrefu. Mwishowe niliiweka kwenye rafu pamoja na nyingine, na tangu hapo msomaji aliyetaka ushauri nilimwonyesha rafu ilipo, nikamwacha achague mwenyewe.