Anwani kwenye Plasta

Kaka yangu alikuwa fundi redio, na ubishi ulimjaa hadi utosini. Alipostaafu aligeuza stoo yake kuwa chumba cha seva: kompyuta kuukuu isiyozimwa, modemu, kile kisanduku cha intaneti, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na feni ikivuma kutwa. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na orodha ya watu wenye damu adimu waliokubali kuitwa wakati wowote, pamoja na namba zao za simu. Wauguzi wa hospitali yetu waliifungua kwa mtandao. Orodha nyingine hawakuwa nayo.

Ubaya ulikuwa kwenye laini ya intaneti. Laini ya nyumbani, kila modemu ikizimika na kuwaka, kampuni huipa anwani nyingine, yaani tarakimu za kuifikia kompyuta mtandaoni. Ya biashara hupewa anwani moja ya kudumu. Kampuni ilimwandikia mara mbili kwamba laini ya nyumbani si ya kuendeshea seva. Barua zote mbili akazitandika chini ya feni. Kila asubuhi alisoma anwani ya siku hiyo, akampigia muuguzi mkuu, naye akaiandika kwenye plasta iliyobandikwa pembeni mwa skrini.

"Na siku usipokuwepo nyumbani?" nilimuuliza.

"Dada, mimi nitoke niende wapi?"

Nikanyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule.

Alitoka siku binti yake wa pekee alipokwenda kujifungua. Alifunga nyumba, akatia ufunguo mfukoni. Mtoto alizaliwa salama kabla ya saa sita mchana, lakini damu haikukoma kumtoka mama. Damu yake ilikuwa ile adimu, na friji la hospitali halikuwa na hata chupa moja.

Kaka hakutishika. "Fungua orodha, mwanangu," alimwambia muuguzi. "Wako wanne hapa hapa mjini."

Muuguzi akaandika anwani ya kwenye plasta. Ukatokea ukurasa wa kamera za duka la mtu, ukidai nywila. Akaandika tena, tarakimu moja moja. Duka lile lile.

Kaka aliketi kwenye kitanda cha mgonjwa mwingine. "Umeme umekatika nyumbani ukarudi," alisema. "Anwani yangu wamempa mwingine."

Akatoka mbio, mzee mzima, viatu vikimpwaya. Nilibaki nimeshika mkono wa binti.

"Shangazi, baba kaenda wapi?"

"Anakuja sasa hivi."

Nikaanza kuongea ovyo, mara jina la mtoto, mara nepi. Niliogopa kunyamaza, maana mkono ulikuwa unapoa na daktari alikuwa ameacha kutoa maagizo.

Simu yangu ikalia. Kaka alikuwa stooni, anahema.

"Nimempata mmoja. Ameshapanda pikipiki. Mwambie daktari robo saa tu, nami nakimbia kuja."

Muuguzi alikuwa anavuta shuka taratibu hadi usoni.

"Njoo, kaka," nilisema. "Ila usikimbie tena."