Mgeni Rasmi Alipozindua Kiti cha Magurudumu

Huku kwetu bomba likifika kijiji cha ujamaa, wa kwanza kunywa ni mgeni rasmi, hata kama kaja na kiu ya kitu kingine. Kwa hiyo sikushangaa juzi kule Rujewa: mzee asiyeweza kutembea alitengenezewa kiti cha magurudumu, na wa kwanza kukikalia akawa mgeni rasmi.

Fundi alikiunda kwa ajili ya matope ya majaruba ya mpunga, matairi mapana nyuma na gurudumu la toroli mbele. Mgeni rasmi akajisukuma, akakatiza dimbwi bila kukwama. Tukapiga makofi. Kiti kikamnogea. Akatoa hotuba humohumo, ndefu, kuhusu kuwajali wasiojiweza, huku mwenye kiti yuko mkekani juani.

Mwishowe mzee akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ndugu mgeni rasmi, nina swali."

"Uliza, mzee wangu."

"Ukishachoka kuwa kilema, utaniambia?"

Mgeni akaruka wima kama aliyekalia siafu. Nimehudhuria sherehe nyingi za uzinduzi, lakini hii ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kiwete akipona papo hapo.