D ya Nne ya Glenda Pocock

Asubuhi ile ya Machi Glenda Pocock alibadilisha viatu mara nne kabla ya saa moja. Vyeusi vilimbana, vya kahawia havikupatana na suti, na vile vya kisigino kifupi ndivyo alivyovaa siku aliyopata D ya pili, kwa hiyo akavitupa chini ya ngazi na kurudia vyeusi. Halafu akasaka maziwa jikoni nzima. Aliyakuta kabatini, katikati ya sahani, na kwenye friji yakawa yamekaa majani ya chai.

"Kaa chini, mama," mumewe Derek alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nikikaa nitasahau."

"Utasahau nini?"

"Ndiyo hicho nilichokwisha kusahau!"

Derek akacheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaacha. Alikuwa fundi wa vigae, mtu wa maneno machache, na kwa miaka minne alikuwa amejifunza wakati gani wa kucheka na wakati gani wa kumimina chai na kunyamaza.

Miaka minne hiyo Glenda alikuwa akisomea Maarifa. Madereva wa teksi nyeusi za London wanauita hivyo tu mtihani wao, Maarifa, kana kwamba duniani hakuna maarifa mengine. Unapanda pikipiki ndogo yenye ramani imebanwa juu ya usukani, unazunguka mvuani mwaka baada ya mwaka, mpaka kila mtaa ulio ndani ya maili sita kutoka Charing Cross umekukaa kichwani. Kisha unavaa suti, unaingia chumbani, mtahini anakutajia sehemu mbili, na wewe unamtajia njia: ondoka kushoto, ingia kulia, kipilefti, daraja, mtaa kwa mtaa, bila kuangalia kitu chochote. Ukifanya vizuri unapata alama, A, B au C, na unasogea mbele. Ukiharibu, D. Na D nne katika hatua moja zinakurudisha hatua nzima nyuma.

Glenda alikuwa hatua ya mwisho, ile ya kuitwa kila baada ya siku ishirini na moja. D tatu alikuwa nazo tayari. Na alishamwambia Derek wazi, wakiwa mezani, bila kulia: nikirudishwa nyuma nauza pikipiki, narudi jikoni shuleni kupakua viazi.

Kupakua viazi hakukumtia aibu. Alikuwa amekufanya miaka ishirini, na watoto walimpenda. Kilichomsumbua ni kingine, na hakuna aliyekijua isipokuwa Derek. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, kule kwao Bermondsey, kusini mwa London, mwalimu alimweka dawati la nyuma kabisa, na siku ya wazazi akamwambia mama yake, naye Glenda akiwa amesimama hapo hapo, kwamba mtoto huyu ana roho nzuri sana. Watoto wenzake walisifiwa hesabu, walisifiwa kusoma. Yeye roho. Hata mtoto wa miaka kumi na mmoja anaelewa maana yake. Aliamini maneno yale hadi alipofika miaka arobaini na mitatu, siku aliyopanda pikipiki kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba mitaa inaingia kichwani mwake na haitoki.

Akiwa amezamisha mikono kwenye povu, akiosha vyombo, hakukuwa na njia iliyomshinda. Derek angetupa majina mawili huku macho yake yakiwa kwenye mpira, hospitali fulani hadi hoteli fulani, na Glenda angeitaja njia nzima bila hata kugeuka. Lakini mkalishe kwenye kile kiti, mbele ya ile meza, na majina yanamtoroka yote, kuanzia yale anayoyajua zaidi. Mara ya mwisho alishindwa kutoka kwenye mtaa aliozaliwa. Alijua duka la samaki lililokuwa kona, alijua rangi ya mlango wake, jina la mtaa hakulipata. Basi Glenda wa kweli ni yupi, wa kwenye sinki au wa kwenye kiti? Swali hilo lilikuwa likimtafuna mchana na usiku, na kutafunwa huko ndiko kulikomzidishia usahaulifu.

Mwenzake wa kukaririana njia, Lionel Tidy, aliyekuwa mtu wa posta zamani, alikuwa na dawa yake. Dawa ya Lionel ilikuwa vitisho. Jumanne na Alhamisi alikuja na tai shingoni, akakaa akilipa dirisha mgongo ili uso wake usionekane vizuri, akapiga meza ya watu kwa kijiko.

"Euston hadi makumbusho ya vita. Haraka! Abiria wako ana mimba, maji yameshatoka!"

"Lionel, nipe basi nafasi nipumue."

"Hupewi nafasi kule. Kwani mimi mama yako? Sema!"

"Ondoka kulia... hapana... kushoto..."

"Mtoto kashazaliwa, bibie. Na kapewa jina langu."

Jumanne ya kwanza Glenda alikosa njia mbili. Ya tatu alikosa sita. Lionel akasema dawa ndiyo inaanza kufanya kazi, akaongeza sauti. Mimi watu wa aina hii wananikera, nasema kweli. Wamezoea kufokewa wao wenyewe, na kwa kuwa walipona wanadhani walipona kwa sababu ya kufokewa. Kichwa cha mtu kina nafasi yake. Hofu ikishakaa humo na mizigo yake, majina ya mitaa yatakaa wapi? Alhamisi iliyotangulia mtihani Derek alitoka sebuleni, akamnyang'anya Lionel kile kijiko, akakirudisha kwenye droo, akarudi kwenye mpira wake. Lionel alivua tai.

Chumba cha kungojea kilikuwa na wanaume tisa waliovaa suti, na Glenda. Kila mmoja alitazama ukuta na midomo yake ilikuwa ikicheza. Mlango wa choo haukutulia. Kijana mmoja mnene alikuwa amefunga macho, kidole chake kikipinda kulia na kushoto juu ya goti, kikipita barabara asizoziona mtu mwingine. Glenda alijaribu njia moja ya kujipima, ya kwanza kabisa ambayo kila mwanafunzi wa Maarifa huanza nayo, na akaikosa katikati. Aliinuka, akakaa, akainuka tena kusoma tangazo la kuzima moto, akalisoma mara tatu asijue linasema nini.

"Bi. Pocock."

Aliyemwita ni Bwana Ormerod, mtahini mwembamba mwenye miwani, ambaye mwenyewe aliendesha teksi miaka mingi. Hakuwa mkali. Hakuwa mpole pia. Glenda alikaa, mgongo wima, mikono mapajani, kama inavyotakiwa.

"Habari za asubuhi, bwana."

"Nzuri. Nipeleke kutoka stesheni ya Paddington hadi uwanja wa kriketi wa Oval."

Aliijua Paddington. Aliijua Oval. Kati ya hizo mbili kukawa na ukungu mtupu, wala hata Mto Thames hakuuona. Alisikia saa ya ukutani, alisikia viatu vinambana, akasikia sauti ya Lionel kwamba mtoto kashazaliwa. Yamekwisha, alijiambia, ya nne hii.

Ghafla mitaa ikaja. Ikaja yote kwa pamoja, naye akaidaka kabla haijamponyoka tena. "Ingia Harleyford Road, bwana. Mbele, vuka daraja la Vauxhall. Mbele, Vauxhall Bridge Road..." Sauti yake ikapata nguvu. Akapita Victoria, akapanda Grosvenor Place, akazunguka Hyde Park Corner, akatoka kwa Park Lane, Marble Arch, Edgware Road. Kila kona aliiona, kila barabara ya mwelekeo mmoja aliiheshimu. Hakujikwaa hata mara moja. Alipoingia Sussex Gardens machozi ya furaha yalikuwa yakimlengalenga, na alipofika mlangoni mwa stesheni alitaka kumbusu mtahini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

Bwana Ormerod alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Bi. Pocock, mimi nilikuwa nimesimama Paddington. Wewe umetoka Oval, ukanifuata."

Glenda aliirudia kichwani. Njia nzima, kila kona yake, aliitaja kinyume. Ni kosa la mwendawazimu, kosa ambalo mtu asiyesoma Maarifa hawezi kulifanya hata akilipwa, kwa sababu barabara za kurudi si zile za kwenda, na lazima uzijue zote ndipo uweze kukosea hivyo. Jambo baya kabisa aliloliogopa kwa siku ishirini na moja lilikuwa limeshatokea, tena kwa ustadi mkubwa. Akaanza kucheka.

Mle ndani watu hawacheki. Alijibana, akauma shavu, kicheko kikampenya puani. "Samahani, bwana. Samahani sana. Teksi ilikuwa tupu njia nzima."

"Ilikuwa tupu," Bwana Ormerod alikubali, akaandika kitu. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, au Glenda aliiona hivyo. "Sifuri. Swali la pili."

La pili alilimaliza safi. La tatu alipindia kulia mahali palipokatazwa kupinda kulia, akagundua mwenyewe baada ya mitaa miwili, akaomba arudi nyuma, akaruhusiwa, akapunguziwa. Bado alikuwa akitetemeka. Hofu haikuwa imeondoka hata kidogo, ila sasa alikuwa anatetemeka na kusema kwa wakati mmoja, jambo ambalo hakuwahi kujua kwamba linawezekana.

"Swali la mwisho," alisema Bwana Ormerod, akafunga faili. "Bado nipo Paddington, Bi. Pocock. Na mvua imeanza."

Glenda aliinua macho. Mtahini hakuwa akitania. Alikuwa amekaa kimya, anangoja teksi. Glenda alianza polepole, akatoka stesheni, safari hii kwa mitaa ya kwenda. Alipokaribia Victoria ukungu ulimrudia, ukafunika kila kitu. Mikono yake ilikuwa imefumbatana mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Akaifumbua, akaiacha ilale. Akahesabu pumzi mbili, tatu. Bwana Ormerod hakukohoa, hakugusa kalamu. Barabara ikatokea, kisha daraja, kisha mto chini yake, na Glenda akamvusha mzee yule hadi kwenye geti la Oval, upande wa kushoto, asilowane.

"C," alisema Bwana Ormerod. "Siku ishirini na moja."

"C, bwana? Si D?"

"Unataka D?"

"Hapana! Hapana, bwana, asante."

Alikuwa ameshashika kitasa mtahini aliposema, bila kuinua kichwa, "Kuitaja ile kinyume ni kugumu zaidi. Usifanye tena."

Nje aliiweka kofia ya pikipiki chini. Alikaa juu ya ukingo wa barabara na suti yake nzuri, akalia kidogo. Kisha akampigia Derek simu kutoka kwenye kibanda, akasema "C", Derek akasema "Mama yangu weee". Alikuwa bado na hatua ya kumaliza, siku ishirini na moja, na nyingine, na nyingine, na huenda atapata hiyo D siku ijayo. Alilijua hilo.

Alivuka daraja la London kurudi kwao, akasimama kwenye taa nyekundu upande wa kusini. Mwanamume mwenye begi la magurudumu akamsogelea, ametoa jasho, akaiona ile ramani kwenye usukani.

"Samahani, dada. Tooley Street iko wapi?"

Ilikuwa pale pale, nyuma ya mgongo wa yule bwana. Glenda alikuwa amepita humo tangu akiwa kwenye kigari cha mtoto. Aliyajua majengo yake, vituo vyake vya basi, kila mlango wa kuingilia stesheni. Mwanamume alikuwa akimtazama, anangoja jibu kama mtahini, na ukungu ule ule ukashuka.

"Sijui, mpenzi," alisema Glenda Pocock. "Mimi mwenyewe mgeni hapa."

Taa ikawa kijani, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na yeye bado alikuwa ameinamia usukani, anacheka.